Namna ya Kugonga Mwamba kwa Usahihi wa Mita Tatu

Zamani mtu akitaka kupandisha chombo mwambani ilimbidi aihangaikie kazi. Asubiri usiku wa giza, asahau tarehe ya mwezi, ampuuze baharia wa omo anayepiga kelele, na bado asiwe na hakika: pengine maji ya bamvua yangemnyanyua akapita juu ya jiwe bila kujua. Siku hizi mambo yamerahisishwa. Unahitaji kompyuta, programu ya ramani za bahari, na orodha ndefu ya wepointi, yaani vile vinukta vyenye jina, latitudo na longitudo ambavyo GPS huvitumia kukuelekeza uendako. Setilaiti zenyewe hazina neno. Mahali pa wazi, kipokezi cha kawaida hukuambia ulipo kwa kosa la mita chache tu. Kilichobaki ni wewe kuamua usahihi huo unataka kuutumia kwa jambo gani.

Anza kwa kuchagua programu. OpenCPN inapatikana bure na inakubali Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hata umaskini hautakuwa kisingizio. Ikifunguka mara ya kwanza itakutolea onyo refu kwamba usiitegemee peke yake kwa usalama wa roho na mali. Bonyeza kukubali. Onyo linalofuata litatoka chini ya chombo, basi hili la maandishi usilipotezee muda.

Sasa kusanya wepointi. Kujiwekea mwenyewe ni aibu, kunaonyesha huna marafiki. Nenda kilabu cha yoti, keti karibu na mgeni aliyefika juzi kutoka Shelisheli, umwombe faili lake la GPX. Atakupa, wenye wepointi ni wakarimu kuliko wenye dizeli. Ongeza faili la fundi aliyekufungia GPS, faili la mtu aliyekuuzia boti, na lile ulilolikuta ndani ya kompyuta bila kujua lilifikaje. Muundo wa GPX ulitolewa mwaka 2002 ili vifaa vya kampuni mbalimbali viweze kubadilishana nukta zao, na umefanikiwa kupita kiasi. Leo nukta moja mbovu inaweza kuhama chombo hadi chombo, kutoka Durban mpaka Lamu, isipoteze hata tarakimu moja njiani.

Yaingize mafaili yote kwa mpigo, na zinazojirudia usizifute. Kwa utaratibu huu mlango wa kuingilia bandarini utajikuta una wepointi nne: moja mlangoni, moja juu ya mwamba wa kushoto, moja juu ya mwamba wa kulia, na moja sokoni Darajani.

Kuhusu majina usijisumbue. Kifaa hubatiza chenyewe: 001, 002, 003, na kila faili uliloomba lina 001 yake. Ukiona lazima utie jina la kibinadamu, kumbuka kwamba vifaa vingi vya mkononi vya zamani vilikubali herufi sita tu, na hapo lugha yetu imejaaliwa. MLANGO ni herufi sita. MWAMBA ni herufi sita. Yote mawili yanaingia bila kukatwa. Ila utahitaji na namba, maana milango ni mingi na miamba ni mingi zaidi, kwa hiyo fupisha: ML1 na MW1. Usiku wa vuli, mvua inapiga kioo, miwani imeganda chumvi, chombo kinayumba, tofauti ya L na W si jambo la kumnyima mtu usingizi. Programu pia itakupa michoro ya kubandika: nanga, fuvu la kichwa, samaki, glasi ya bia. Weka nanga kila mahali. Inapendeza.

Penye utamu hasa ni kwenye kuandika namba. Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu, na programu inakuachia uchague: digrii zenye desimali; digrii na dakika zenye desimali; au digrii, dakika na sekunde. Zote ni halali. Kinachotakiwa ni kuzichanganya. Tuseme rafiki yako anakusomea latitudo ya mlango kwa simu: “Tano, hamsini na mbili nukta hamsini.” Yeye ana maana ya dakika 52 na nusu. Wewe andika dakika 52 na sekunde 50. Umehama sekunde 20, zaidi ya mita 600, na hakuna kengele itakayolia. Kwa milango mingi ya pwani hii, mita 600 ni mlango wenyewe, mwamba wa pembeni, na chenji inabaki. Mwenye haraka zaidi aanze na digrii: 6°30′ aiandike 6.30. Kitone kimoja tu, na ameshasogea maili 12 za baharini.

Usiisahau na alama ya kutoa. Lifungue faili la GPX kwa programu yoyote ya maandishi, utaona kwamba kusini mwa ikweta huandikwa kwa kistari mbele: Forodhani, Zanzibar, ni kama −6.16 kwa 39.19. Kifute kile kistari na Forodhani inahamia kusini mwa Ethiopia, juu ya nchi kavu, ambako urojo wa kweli sidhani utaupata. Kirudishe, kisha bandika kingine mbele ya longitudo: sasa uko Brazili, ndani ya jimbo la Ceará, mbali na bahari. Programu haitashangaa. Itakuhesabia umbali, itakupa uelekeo, na kwa mwendo wako wa sasa itakutajia siku na saa ya kufika.

Kwa wapenda mambo ya kale ipo Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchorea ramani nyingi za nchi kavu za Kenya na Tanzania. GPS hutumia WGS 84. Namba zilezile, ukizisoma katika mfumo huu na katika ule, huangukia mahali pawili palipoachana kwa mita 300 hivi. Ichukue nukta yako kutoka ramani iliyotundikwa ukutani ofisini, iandike kama ilivyo, wala usiulize.

Kama kuandika namba kunakuchosha, tumia kipanya. Ipunguze ramani mpaka pwani yote ya Lamu hadi Mtwara ienee kwenye kioo, kisha bofya pale unapodhani pana mlango. Lamu hadi Mtwara ni digrii nane za latitudo, karibu kilomita 890. Kwenye skrini yenye nukta 1080 kwenda juu, kila nukta imebeba zaidi ya mita 800 za bahari. Mkono ukitetemeka kidogo tu umeshahama mtaa. Lakini tazama uungwana wa programu: itakuandikia mahali hapo hadi sehemu ya elfu ya dakika, yaani chini ya mita mbili! Haikuulizi ulibofya ukiwa juu kiasi gani. Ikishaandikwa, ile nukta yako ya kubahatisha na nukta ya mtu aliyetia nanga pale mwezi mzima zinalingana kila kitu: rangi moja, mwandiko mmoja, tarakimu tatu baada ya kitone. Huo ndio ufundi mkubwa wa kompyuta baharini. Mengine yote naona ni mapambo.

Wepointi mbili tayari ni njia. Bofya Mji Mkongwe, bofya Chake Chake, na mstari umenyooka, maili 65 hivi za baharini. Mstari huo unakatiza Unguja nchi kavu, unapita maeneo ya Kinyasini, unatokea baharini upande wa Matemwe. Programu nyingi hazichunguzi kilicho chini ya mstari. Ziliagizwa kuunganisha, zimeunganisha. Na Kinyasini ni mfano wa kitoto, kwa sababu nchi kavu ina rangi yake na hata mlevi anaiona. Jiwe lililozama nusu mita lina rangi ya maji, na ukiipunguza ramani vya kutosha haliko tena.

Msidhani haya ni mambo ya wanagenzi. Tarehe 29 Novemba 2014 boti ya Team Vestas Wind, ikiwa kwenye mashindano ya kuzunguka dunia ya Volvo Ocean Race, kipande cha kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda usiku kwenye miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi. Waliokuwamo ni mabaharia wa kulipwa, watu wa daraja la juu kabisa. Wote tisa walitoka salama. Boti ilibidi iundwe upya kwa miezi. Na mwamba ulikuwamo kwenye ramani za kompyuta yao. Ila kwa ukubwa waliokuwa wakiitazamia ramani, mwamba haukujitokeza kama mwamba. Ilikuwa lazima kuikuza mpaka ndani ndipo uonekane. Kwa hiyo shika kanuni hii: ukishachora njia, usiifuate kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwa umeikuza ramani. Kazi hiyo inachukua nusu saa nzima, na chai inapoa.

Kuna na suala la upepo, ambalo kompyuta haikuzaliwa nalo. Zanzibar hadi Dar es Salaam ni maili 40 za baharini. Msimu wa kusi, upepo unakuja karibu na upande uleule unakokwenda, na chombo cha tanga hakiendi machoni mwa upepo. Lazima kibishe, huku na huku. Hata boti nzuri inayoweza kwenda nyuzi 45 kutoka kwenye upepo, upepo ukiwa mbele moja kwa moja, itageuza maili 40 kuwa 57. Jahazi litazidisha. Programu inajua 40 tu. Waahidi wageni chakula cha mchana Kigamboni kwa saa iliyoandikwa kwenye kioo, halafu wagawie biskuti za magharibi.

Mkondo nao usiachwe. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huweza kufikia maili nne za baharini kwa saa. Chukua boti ya mashine yenye mwendo wa maili tano, toka nayo Tanga kwenda Mkoani, Pemba, na kazi yako iwe moja tu: omo lisiache kuielekea wepointi. Utakuwa sahihi kila dakika. Mkondo utakubeba kushoto, nawe utageuza omo kidogo kulia, utabebwa tena, utageuza tena, mpaka mwishoni unajikuta umeukabili mkondo uso kwa uso, mashine inalia, na kwa kila maili tano unazozipiga unaambulia moja. Njia uliyopita ni upinde mkubwa upande wa kaskazini wa mstari wako, juu ya maji ambayo hukuyaangalia kwenye ramani kwa sababu hukukusudia kupita huko. Mtu mwenye busara angelielekeza omo kusini ya Mkoani tangu mwanzo. Lakini huu si mwongozo wake.

Kama boti ina otopailoti, iunganishe na programu, kisha iweke wepointi juu ya boya lenyewe badala ya kando yake. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiipunguzia GPS ya raia usahihi kwa makusudi, kosa likifika mita 100 hivi, na mtu aliyelenga boya alibahatika kulikosa. Kizuizi kiliondolewa. Sasa ukilenga boya unalipata, na kwa kuwa lile faili la Shelisheli limezunguka kilabu kizima, utawakuta wenzako wanne papo hapo, kila mmoja akiwa chini anatazama kioo.

Chini ndiko unakotakiwa kuwa. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka muda mfupi baada ya kuondoka. Kifaa hakikuzima, kiliendelea kukadiria mahali kwa mwendo na uelekeo wa meli, na maofisa wakaendelea kukiamini kwa zaidi ya siku nzima, mpaka wakawa maili 17 nje ya njia. Abiria na wafanyakazi walikuwa zaidi ya 1,500. Hakuna aliyekufa, lakini ni kazi nzuri sana kwa waya mmoja. Wewe una antena iliyofungwa kwa utepe, umeshatangulia.

Sasa niwaonye kuhusu watu wa hatari kwa mradi huu: manahodha wa majahazi na wavuvi wa siku nyingi. Msije mkadhani hawaijui GPS. Wengi wanayo, ya mkononi, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na orodha yao ni fupi kiasi cha kutia huruma. Mwonyeshe mmoja orodha yako.

“Shikamoo mzee. Tazama, nina elfu mbili na zaidi.”

“Marahaba. Na hii ya hapa Nungwi, umeipita mwenyewe au umepewa?”

“Nimepewa.”

“Na nani? Maji yalikuwaje?”

Hapo ondoka upesi, kabla hajaendelea. Akiendelea atakuambia kwamba Zanzibar, siku za bamvua, maji kujaa na kupwa yanapishana kiasi cha mita nne; kwamba mahali palipopitika saa kumi alfajiri, ikifika saa nne asubuhi wanawake wanatembea kwa miguu wakitafuta pweza; na kwamba wepointi isiyosema maji yalikuwaje imesema nusu ya habari, na si ile nusu inayookoa. Utapwelewa, atakuambia, na utakaa hapo juu ya mwamba na boti yako nzuri mpaka jioni watu wakikupigia picha.

Tabia hii ya kuuliza nani kasema ni ya kale. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliyeandika kwa kirefu juu ya bandari, nyota na misimu ya bahari hii, aliwalaumu waandishi waliomtangulia kwamba walikuwa wakusanyaji tu: waliwauliza watu na kuandika, hawakuzipita njia wenyewe. Hakuwa na kompyuta, lakini malalamiko yake yangefaa kubandikwa juu ya kila faili la kilabu.

Hata waliotengeneza GPX waliliona tatizo. Toleo la mwaka 2004, linalotumika mpaka leo, limetenga kwa kila wepointi nafasi ya maelezo, nafasi ya tarehe na saa, na nafasi nyingine ya kusema habari imetoka wapi. Zote tatu ziache wazi. Hebu fikiria mtu angeandika hivi: “Nimepita mwenyewe, Januari, kaskazi ya wastani, maji nusu kujaa, kina kidogo kabisa mita nne, mwamba uko kushoto unapoingia.” Maneno hayo machache yanaharibu kila kitu tulichokijenga. Mtu atakayefungua wepointi hiyo ataanza kulinganisha, atakwenda kutazama jedwali la maji, atasubiri saa mbili, atampeleka baharia omoni akatazame rangi ya bahari. Mwisho atapita mlangoni salama, na hatakuwa na la kusimulia.

Ya nakala na umeme nayapitia haraka. Wepointi zote ziishi kwenye kompyuta moja. Kompyuta ichajiwe kutoka betri ileile inayowasha mashine. Ramani ya karatasi itumike kufungia dagaa, na dira iwekwe jirani na spika ya muziki, ambayo ina sumaku. Mkoba wa kompyuta uwe juu ya meza ya chai.

Ukifuata haya yote utafika mwambani, na utafika kwa kosa la mita tatu. Kuanzia hapo kejeli imekwisha, shika redio. Chaneli ya dharura ya VHF ni ya 16. Sema Mayday mara tatu, taja jina la chombo, kisha mahali ulipo kwa digrii na dakika, ukitamka wazi kusini na mashariki; sema umepatwa na nini, unataka msaada gani, na mko watu wangapi. Usiwaambie uko 047. Kila chombo kinachokusikia kina 047 yake.